Kufuli Kwenye Mti wa Krismasi

Iko Krismasi moja ambayo hunijia kwa pua kabla ya kunijia kichwani. Nikisikia tu harufu ya chapati ya kwanza, ile ambayo huungua kidogo kwa sababu pani bado haijazoea moto, nakumbuka siku niliyokaa gizani saa sita mchana, nimevaa suti, nimenyamaza kama kiti, huku mama yangu mzazi akilia nje ya mlango wangu akidhani nimekufa.

Usinihukumu bado, mwanangu. Vuta stuli. Nitakueleza polepole, maana mimi ni mtu wa nyumbani na sina mahali pa kukimbilia. Watoto wangu husema nikienda kwa kinyozi huaga kama mtu anayevuka mpaka.

Ukiingia kwangu hapa Mbotela, Nairobi, mwezi wa Desemba utaona mti wetu wa Krismasi. Si wa dukani. Ni tawi la saipresi lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga, na kila mwaka huegemea upande wa televisheni hata nilitie mawe vipi. Tunaweka pamba, tunaweka baluni, kama majirani. Lakini katikati, pale wengine wanapotundika nyota, sisi tumetundika kufuli. Kufuli kubwa la shaba, lenye kutu shingoni, na ufunguo wake ulishapotea. Wageni huuliza. Mke wangu huwajibu, "Muulizeni mwenyewe," halafu anaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Mwaka huu nimeamua kuliandika jambo hili, kwa sababu ya ujumbe niliopata wiki iliyopita kutoka kwa kitinda mimba wangu, Nasimiyu, anayejitafutia maisha Mombasa. Aliandika hivi: "Niaje mzee. Mwaka huu msinisubiri. Vitu ni ngumu huku, na siezi kuja mikono tupu. Nikishika kitu nitakuja." Nikampigia. Simu imezimwa. Nikapiga kesho yake, imezimwa. Leo asubuhi yule dada wa kwenye simu ameniambia kwa upole kwamba mteja hapatikani, nami nikamjibu kwa sauti, mke wangu akisikia: "Mimi najua mteja alipo. Yuko ndani, amejifungia."

Basi nisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata kibarua katika kiwanda cha sabuni, na chumba katika mstari huu huu wa nyumba ninamoishi leo. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja kando ya mlango. Kioo kimoja cha dirisha hilo kilikuwa kimevunjika, nikaziba nafasi kwa kadibodi. Ikumbuke hiyo kadibodi, ina kazi mbele.

Kwetu ni upande wa Kimilili, kule magharibi. Krismasi yangu ya kwanza kama mtu wa Nairobi nilifika nyumbani na katoni. Ninyi mmezaliwa wakati vitu vinaletwa mlangoni na pikipiki, hamjui katoni ilikuwa nini. Ilifungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na mikate, sukari, mafuta ya kupikia, majani ya chai, na sabuni za kiwandani kwetu ambazo zilikuwa zimevunjika kona, hivyo haziuziki. Niliposhuka basi pale steji niliiweka begani, nikapita njia ndefu ya sokoni, ingawa iko ya mkato nyuma ya shule. Nilitaka katoni itembee. Watoto walinifuata. Wazee walinisimamisha kunisalimu mara mbili mbili. "Huyu ndiye wa Nairobi!" Kila aliyekuja kunipa mkono aliondoka na kipande cha mkate na sabuni isiyo na kona, nami nikajiona DC, mkuu wa wilaya mzima.

Mama peke yake hakuitazama katoni. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima unene kama mtu anayechagua kuku sokoni, akasema, "Umekonda." Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nawatazama watu wakiitazama katoni.

Mwaka uliofuata nilianza kujisifu tangu Oktoba. Wale majirani ambao hawakuwa wakisafiri Krismasi nilikuwa nimewapa jina: walinzi. "Walinzi, mtanichungia nyumba?" Mlinzi mkuu alikuwa Mama Njeri, jirani yangu wa mlango wa pili, mama kutoka Murang'a aliyeuza mboga sokoni. Huyo Krismasi hakuwa akienda kokote. Alikanda unga wa chapati kwenye karai la kuogeshea watoto, akaweka majiko mawili nje ya mlango wake, na yeyote aliyebaki kwenye mstari alikula hapo, awe ametoa unga au hakutoa.

"Nenda tu, wa Katoni," alikuwa akinijibu. "Wewe ukiondoka, chapati hututosha."

Nikamwandikia mama barua. Nitafika tarehe ishirini na tatu, nikasema, na mwaka huu utashangaa. Halafu nikaenda soko la mitumba la Gikomba nikanunua suti. Suti ya rangi ya maziwa, yenye mabega mapana kuliko mlango wangu. Nilifikiri nianze na suti, katoni itafuata, kwa sababu malipo ya mwisho wa mwaka yalikuwa njiani. Wiki moja kabla ya Krismasi msimamizi akatupanga vibarua wote uani, akasema mashine zinazimwa hadi atakapotuita tena. Na ya mwisho wa mwaka je? Akatutazama kama tumeuliza bei ya mvua. Nikarudi nyumbani na sabuni mbili zisizo na kona.

Hapa sasa nisikilize sana, maana hapa ndipo ujinga wangu umekaa. Nauli nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya soksi, ya kwenda na ya kurudi, niliificha huko tangu Septemba. Nauli iko, basi liko, mama yuko. Kilichokosekana ni katoni. Na mimi, mtu mzima aliyesomeshwa mpaka kidato cha nne, nilikaa kitandani nikafikiri, nikaona kwamba pasipo katoni hata mimi mwenyewe sipo. Ningeingiaje kwetu na mabega yale na mikono imening'inia?

Kubaki mjini nako nikaona hakuwezekani. Ningemwambia nini Mama Njeri? Kwamba na mimi leo ni mlinzi? Kwa hiyo nikapata akili ya tatu, ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu nilitoka na sanduku. Ndani yake magazeti ya zamani na tofali moja na nusu, ili lionekane zito. Nikalibeba nimeinamia upande mmoja, nikaaga mlango kwa mlango. "Krismasi njema, walinzi!" Mama Njeri akanisindikiza mpaka bombani. "Msalimie mama yako sana," akasema. "Mwambie amezaa kijana mzuri, ila ana kelele."

Nikazunguka mjini na tofali langu mpaka saa nane mchana, saa ambazo akina mama walikuwa sokoni na watoto wamekwenda kanisani kutazama kwaya ikifanya mazoezi. Nikarudi mbiombio. Nikaingia ndani, nikaurudisha mlango, nikatoa kadibodi dirishani, nikapitisha mkono nje na kulifunga kufuli kwenye komeo la nje. Klik. Nikarudisha kadibodi. Kwa macho ya dunia nzima, mimi Wekesa nilikuwa safarini.

Nilikuwa na mkate mmoja, sukari kidogo, mtungi wa maji, na debe. Debe la nini? Vyoo vyetu vilikuwa nje. Tuendelee.

Mimi napenda kukaa nyumbani, unanijua, lakini kukaa nyumbani bila kuwa nyumbani ni kazi. Sikuweza kuwasha stovu kwa sababu ya harufu. Redio, hapana. Kukohoa, hapana. Niligundua kwamba kitanda changu kina maneno mengi, nikajifunza kugeuka kidogo kidogo kama mtu aliyeshonwa. Mara moja chafya ilinishika, nikaizima na mto, masikio yakaziba mpaka jioni. Nje nikamsikia Mama Njeri akisema, "Mwaona? Ameondoka jana tu, na panya washahamia."

Asubuhi ya Krismasi mkate ulikuwa umekwisha. Nikaona kipande cha mandazi kimesukumwa chini ya mlango. Nikakiokota, nikafumba macho, nikamshukuru Mungu ambaye hasahau watu wake hata wakijificha. Nikakipeleka mdomoni. Kilinuka ajabu. Nikakirudisha chini, nimemkasirikia Mungu kidogo. Ilikuwa dawa ya panya, mwanangu. Mama Njeri alikuwa akinichungia nyumba kweli kweli.

Nikavaa suti. Sijui kwa nini. Nadhani mtu hata akiwa mwongo anajua leo ni siku ya nani. Nikakaa kitandani na mabega yangu. Nje watu wakarudi kutoka kanisani pamoja na kwaya, wakiimba, stuli zikaburutwa, majiko yakawashwa. Chapati ya kwanza ikalazwa kwenye pani, ikaungua kidogo. Tumbo langu likatoa sauti ambayo hakuna panya angeiweza.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Sauti hiyo niliijua kabla sijazaliwa.

"Hodi hapa. Nyumba ya Wekesa ni hii?"

"Ndiyo, karibu mama," Mama Njeri akamjibu. "Lakini mwenyewe hayuko. Alisafiri kwao."

Halafu mama akasema, "Kwao ndiko nimetoka. Mimi ndimi mama yake."

Baadaye ndipo nilipoelezwa yote. Tarehe ishirini na tatu mama alinisubiri steji tangu asubuhi mpaka basi la mwisho. Tarehe ishirini na nne akarudi tena. Wakashuka vijana wawili wa kwetu, wakamwambia walinipitia Mbotela ili tusafiri pamoja, wakaambiwa na majirani nimeshatangulia. Nimetangulia, na sijafika. Na redio ya dukani ilikuwa imetaja ajali barabarani, kama inavyotaja kila Desemba. Mama hakurudi hata nyumbani kubadilisha viatu. Siku hizo za sikukuu mabasi hupanda magharibi yamejaa mpaka ngazini na kurudi Nairobi yakiwa matupu. Akapanda moja, akawa karibu peke yake ndani, maana nani anakwenda Nairobi mkesha wa Krismasi? Alikuwa hajawahi kufika mji huu. Anwani yangu aliisoma nyuma ya bahasha ya ile barua ya "utashangaa." Alipofika, alitembea akiuliza watu njia, bahasha mkononi.

Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilisikia tu maneno yakipita kwenye kadibodi.

"Mama, aliondoka juzi asubuhi," Mama Njeri alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Mimi mwenyewe nilimsindikiza."

"Alikuwa na mzigo?"

"Sanduku. Zito sana."

"Alikuwa amevaa nini?"

Mwanangu, mama akiuliza mtoto wake alikuwa amevaa nini, anauliza ili akamtambue. Watu wote nje walielewa. Mtu akaepua pani, nikasikia ikiwekwa chini.

"Shati la bluu," Mama Njeri akajibu polepole.

Mama hakupiga mayowe. Aliketi kwenye kizingiti changu, akaegemeza mgongo mlangoni. Niliuona mlango ukisogea kidogo kuja upande wangu. Kati ya mgongo wake na mimi palikuwa na ubao tu. Akaanza kulia kwa sauti ndogo, ile ya mtu ambaye hana haraka ya kumaliza.

Na sasa nikuambie jambo ambalo mke wangu peke yake ndiye amelisikia. Hata hapo sikusimama. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nafikiria jinsi mstari mzima utakavyonicheka. Mama yangu ananililia nikiwa hai, na mimi napima kicheko cha majirani.

Halafu nikasikia kuku.

Alikuwa hapo hapo kizingitini, akilalamika kama kuku aliyefungwa miguu kwa muda mrefu. Nikamjua. Simaanishi kwamba nilimtambua kwa sura, lakini nilijua ni kuku gani. Kwetu mtoto akirudi kutoka mbali huchinjiwa kuku, na kuku huyo huchaguliwa mapema, hulishwa vizuri, huitwa kwa jina la anayengojewa. Kulikuwa na kuku Kimilili aliyeitwa Wekesa, naye alikuwa amepanda basi akaja kunitafuta. Krismasi ile hata kuku alisafiri. Aliyeshindwa kusafiri ni mimi.

Nikasimama. Nikachukua ufunguo, nikang'oa kadibodi, nikatoa mkono nje kupapasa kufuli.

Sasa hebu jiweke mahali pa wale watu. Mtu anaombolezewa, na mara kutoka ndani ya nyumba yake iliyofungwa kwa nje unatokea mkono wenye suti nyeupe. Waliokuwa wamekaa walikimbia, na waliokuwa wamesimama walianguka. Kwaya nzima iliruka mtaro. Mtu alitupa mwiko, ukanipiga kidoleni. Aliyepiga nduru kuliko wote alikuwa Njeri mwenyewe, binti mkubwa wa jirani yangu, aliyekuwa anasukuma chapati. Leo ndiye mke wangu, na husema nduru ile hajaimaliza.

Mama hakukimbia. Aliushika ule mkono. Akapandisha vidole vyake mpaka juu ya kiwiko, akaupima kupitia kitambaa.

"Ni wake," akasema. "Amekonda."

Akauchukua ufunguo vidoleni mwangu, akafungua kufuli mwenyewe. Nikasimama mlangoni na mabega yangu, macho yakikataa mwanga. Watu wakarudi mmoja mmoja, kwa mbali.

"Wewe ni mgonjwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Nani alikufungia?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini, baba?"

Akiniita baba, kwa heshima ya babu niliyepewa jina lake, nilikuwa siwezi kudanganya. "Sikuwa na katoni," nikasema.

Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Badala yake alikaa tena kizingitini, akamvuta kuku karibu, akasema taratibu, na hakuna aliyemkatiza:

"Nilipotoka nyumbani nilimwomba Mungu nikukute mzima. Tulipofika Eldoret nikamwambia, hata akiwa hospitali ni sawa, hata akiwa amevunjika miguu yote miwili. Nakuru nikaomba tu uwe unajua kwamba ninakuja. Tulipopita Naivasha nikasema, basi, nipe mwili, nimzike karibu na baba yake. Kila mji nilipunguza, Wekesa. Njia yote hiyo sikuomba sukari."

Nikatazama viatu vyangu.

"Mafuta yako ya mwaka jana yaliisha Januari. Nikanunua mengine dukani. Wewe ukiisha, nitakununua duka gani?"

Mama Njeri alikuwa amefuta macho kwa leso, akamtazama kuku. "Lakini mama, na mawazo yote hayo njiani, huyu kuku ulimbeba wa nini?"

"Ningemwacha nyumbani," mama akajibu, "ningekuwa nimekubali."

Hapo ndipo nililia, mwanangu, nikiwa nimevaa suti ya rangi ya maziwa mbele ya mstari mzima wa nyumba. Nililia mpaka kamasi. Na unajua walinzi walifanya nini? Hawakunicheka, si kwa dakika tano za kwanza. Mama Njeri aliingia chumbani kwangu, akalitazama debe, akaliacha lilipo, akaokota kile kipande cha mandazi, akatoka nacho amekishika kwa vidole viwili.

"Kumbe ndiwe panya!" akasema. "Ungekula hiki ningejibu nini kwa Mungu? Kaa hapo, mlinzi. Njeri, mletee sahani yake."

Sahani yangu. Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe mwaka jana pia aliweka chapati mbili kando, zikiwa zimefunikwa, kwa ajili yangu mimi niliyemwita mlinzi. "Mtu akisafiri," akasema, "si lazima tule na fungu lake." Nilikula zile mbili, nikaongezwa nyingine mbili. Mama na Mama Njeri wakabishana kuhusu kuku, mmoja anataka wa kuchemsha, mwingine anataka wa kukaanga na vitunguu, wakaelewana kwa kumgawa. Mama alitoa karanga na ndizi mbivu kwenye kiondo chake, zikapita kwa kila mkono. Jioni aliimba na kwaya iliyoruka mtaro. Sijapata kumwona amefurahi vile. Ndani ya nyumba yangu hamkuwa na kitu hata kimoja cha Krismasi, na Krismasi yenyewe ilikuwa imejaa pale nje mpaka inamwagika.

Baada ya siku mbili nilitoa ile nauli kwenye soksi, nikamsindikiza mama nyumbani. Nilipita njia ndefu ya sokoni bila kitu mikononi. Siwezi kukudanganya, wako walioniuliza mkate. Niliwaambia hakuna. Wakakaa hata hivyo, wakanywa chai ya mama, wakacheka habari za mkono wa dirishani mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Katoni haikuwahi kuwachekesha hivyo.

Kufuli mama aliondoka nalo. "Chumba chako hakina cha kuibiwa," aliniambia. Sikuliona tena mpaka Krismasi ya kwanza baada ya mimi na Njeri kuoana, alipokuja kututembelea, akalitoa kwenye kiondo chake na kulitundika kwenye mti bila kusema neno. Amelala sasa, mama yangu, karibu na baba. Namshukuru Mungu kwamba Krismasi zote zilizobaki za maisha yake sikukosa hata moja. Nyingine nilikwenda na katoni. Nyingine nilikwenda na mikono yangu tu, akaipima.

Sasa mwanangu, wewe unayesoma haya, nauli yako iko ndani ya soksi na simu umeizima. Simu iliyozimwa ndilo kufuli la siku hizi, na halina hata dirisha la kupitishia mkono. Najua mnavyobanwa. Supamaketi zinaanza kupiga nyimbo za Krismasi kabla mvua za Oktoba hazijashika vizuri, na kwenye simu kila mtu anaonyesha toroli lake. Sisemi usinunue. Mafuta ya kupikia nayapenda, na ukija nayo nitayapokea kwa mikono miwili, nisijifanye mtakatifu. Lakini usiyafanye yawe ruhusa ya kuingia kwenu.

Fikiria hii siku yenyewe ni ya nani. Mwenye siku alikuja hana hata shati. Akalazwa kwenye nyasi za ng'ombe, na mama yake hakumwuliza ameleta nini. Waliofika kumwona kwanza walikuwa wachungaji, walitoka malishoni mbio mbio, wananuka kondoo, hawakupitia duka. Wale wenye zawadi walifika baadaye. Wachungaji wangengoja mpaka wapate dhahabu, wangemkosa mtoto.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ni fupi kuliko hadithi yake. Ukiwa na nauli, nenda. Ukikosa nauli, piga simu useme umekosa, usikike sauti. Usiwaache watu wako wapunguze maombi mji kwa mji kwa sababu unaona haya ya begi tupu. Na wewe uliyebarikiwa mwaka huu, uliyejaza toroli, weka chapati mbili kando kwa ajili ya yule jirani mwenye kelele, maana hujui amejifungia wapi.

Nami nimekuwa mzee sasa, na nimepata kazi ya mama yangu. Ndimi ninayekaa kwenye stuli mlangoni nikitazama njia. Ni kazi inayomfaa mtu asiyependa kutoka.

Nasimiyu, kama haya yamekufikia: mama yako ameleta kuku tangu Jumatatu. Tumempa jina lako. Ana kelele kama wewe, ameshafanya choo kwenye kiti changu, na hakuna atakayemchinja mpaka uingie mlangoni nikupime mkono juu ya kiwiko.

Mungu akutangulie njiani na akulinde nyuma. Akupe nauli, na ukishaipata nauli, akupe akili ya kutongoja kitu kingine.